Tabibu wa Wasiwasi Hafundishwi kwa Semina ya Siku Mbili



Chukulia karani mmoja wa fedha katika ofisi ya wilaya. Kila jioni hufunga sefu, huujaribu mpini, kisha huondoka. Afikapo mlangoni fikra humjia: je, ikiwa sefu haikufungika, na fedha za wananchi zikaibwa kwa kosa lake? Hurudi akaujaribu mpini tena. Afikapo barabarani fikra ile ile humrudia, naye hurudi kwa mara ya tatu, na ya kumi. Wenzake huwa nyumbani saa kumi na moja. Yeye hufika saa mbili za usiku. Mwanzoni walimsifu kwa uangalifu wake, baadaye wakamcheka, na hatimaye wakanong'ona kwamba amerogwa. Hapana hata mmoja aliyetambua kwamba karani huyo anajua fika kuwa sefu imefungwa. Hilo ndilo linalomtesa: akili inajua, lakini moyo haukubali.

Mtu kama huyo hupatikana pia shuleni, katika mwanafunzi anayefuta na kuandika upya neno moja mpaka karatasi inatoboka, huku mwalimu akimhesabu kuwa mzembe au mkaidi. Hupatikana msikitini, katika mwumini anayerudia udhu hata wakati wa sala ukampita. Hupatikana nyumbani, katika mama anayenawa mikono mpaka ngozi inachubuka, kwa kuhofu kwamba atamwambukiza mwanawe.

Wazee hawakuwa wageni wa jambo hili. Neno lenyewe "wasiwasi" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono unaomjia mtu moyoni. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya fikra hizi zisizotakiwa na akazitenga na maradhi mengine ya nafsi. Leo madaktari huuita ugonjwa wa fikra ng'ang'anizi na vitendo vya kurudia. Hukadiriwa kwamba katika kila watu mia, mmoja hadi watatu hupatwa nao katika maisha yao. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, na wengi huuficha kwa miaka mingi kwa sababu ya aibu.

Zamani ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa hauna dawa. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, wa hospitali ya Middlesex mjini London, alieleza habari za wagonjwa wawili aliowatibu kwa njia mpya. Aliwakabilisha na jambo lile lile walilolikimbia, kisha akawazuia wasifanye kile kitendo chao cha kujituliza. Wauguzi walikaa nao mchana kutwa, hata bomba la maji likafungwa ili mgonjwa wa kunawa asipate kunawa. Hofu ilipanda, ikakaa, kisha ikashuka yenyewe. Mgonjwa akajifunza kwa mwili wake jambo ambalo hakuna mhubiri angeweza kumfundisha kwa maneno, kwamba hofu isipotiiwa huchoka.

Hatua ya pili ilihusu fikra zenyewe. Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wazima wasio wagonjwa kama nao hujiwa na mawazo machafu, ya kutisha au ya kukufuru. Karibu wanne katika kila watano walikiri kwamba hujiwa. Mwaka 2014 uchunguzi mwingine, uliofanywa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu wa nchi 13, Sierra Leone ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wamejiwa na fikra ya namna hiyo katika miezi mitatu iliyotangulia. Kwa hiyo fikra mbaya siyo ugonjwa. Mwaka 1985 Paul Salkovskis alieleza tofauti iko wapi. Mtu mzima wa afya huiacha fikra ipite, kama mpita njia. Mgonjwa huipa maana nzito: "Kwa kuwa nimeiwaza, basi ni jukumu langu kuizuia, na nisipoizuia nitakuwa nimeua." Jukumu hilo lililokuzwa kupita kiasi ndilo linalomrudisha karani kwenye sefu.

Tiba iliyojengwa juu ya msingi huo ni tiba ya fikra na mwenendo. Zipo pia dawa zinazowasaidia wagonjwa wengi, na daktari ndiye mwenye kuziamua. Lakini dawa hutoka dukani ikiwa imekwisha kutengenezwa. Tiba ya fikra na mwenendo hutengenezwa upya kila siku na mtu aliyekaa mbele ya mgonjwa. Ubora wake hauwezi kuupita ubora wa mtu huyo. Hapo ndipo suala la mafunzo linapokuwa suala la uhai wa watu.

Kwa nini kazi hii ifunzwe kwa makini zaidi kuliko kazi nyingine za kuwaliwaza watu? Sababu ya kwanza ni kwamba inapingana na wema wa kawaida. Karani akimwuliza jirani yake, "Je, una hakika nilifunga?" jirani mwema atajibu, "Umefunga, Ndugu, nenda ukalale." Jibu hilo ni kama maji ya bahari kwa mwenye kiu: humtuliza kwa dakika chache, kisha kiu huzidi. Mgonjwa atauliza tena kesho, na kesho kutwa atauliza mara mbili. Tabibu asiyefunzwa atafanya kosa lile lile la jirani, ila yeye atalifanya kwa cheo chake na kwa saa nzima. Tabibu aliyefunzwa hujifunza kulizuia neno la kutuliza ulimini mwake, bila kuwa mkali na bila kumdharau mgonjwa. Hubishana na uzito wa jukumu, habishani na sefu. Humwuliza karani: "Yapo maelezo mawili. La kwanza, wewe ni mtu wa hatari usiyefunga sefu. La pili, wewe ni mtu unayeogopa mno kuwa mtu wa hatari. Tulijaribu lipi kati ya hayo wiki hii?" Kisha huenda naye ofisini, sefu ikafungwa mara moja, wakaondoka pamoja bila kurudi nyuma.

Sababu ya pili ni hofu ya tabibu mwenyewe. Kumwona mgonjwa akitetemeka, na kujua kwamba wewe ndiye uliyemleta kwenye jambo analoliogopa, si jambo jepesi. Katika nchi zilizoendelea sana imeonekana kwamba matabibu wengi waliojifunza njia hii darasani hawaitumii, au huanza vizuri kisha huteleza polepole wakarudi kwenye mazungumzo matamu yasiyomgusa mgonjwa. Hawakukosa elimu, walikosa mtu wa kusimama nyuma yao. Wahenga walisema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Basi ni nani afunzwe? Wengi watajibu upesi: madaktari bingwa. Jibu hilo lilipingwa kwa vitendo mjini London. Mwaka 1972, katika hospitali ya Maudsley, daktari Isaac Marks, mzaliwa wa Cape Town, alianza na kikundi kidogo cha wauguzi wa magonjwa ya akili kuwafundisha kutibu hofu kali na vitendo vya kurudia. Hawakufundishwa kuwa wasaidizi wa kubeba mafaili. Walifundishwa kumpima mgonjwa, kupanga tiba, kuitekeleza na kupima matokeo yake wao wenyewe. Kozi hiyo baadaye ilifanywa kuwa ya miezi 18. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1985 uliwalinganisha wagonjwa waliotibiwa na wauguzi hao na wengine waliobaki katika matabibu ya kawaida ya madaktari wa mitaa. Waliotibiwa na wauguzi walipata nafuu kubwa zaidi.

Siri ya mafanikio hayo haikuwa vipaji. Ilikuwa mpango. Mwanafunzi alimtazama kwanza mwalimu akimtibu mgonjwa. Kisha alitibu huku mwalimu akimtazama. Mwisho alitibu peke yake, akaleta taarifa ya kila mgonjwa kwa hesabu: alianza na hofu kiasi gani, amerudia vitendo mara ngapi kwa siku, na sasa ni mara ngapi. Fundi seremala humfunza mwanagenzi wake kwa utaratibu huo huo, na hakuna anayeshangaa.

Uingereza ilifuata msingi huo ilipoanzisha mwaka 2008 mpango wa kitaifa wa kupanua tiba za kisaikolojia. Tabibu wa ngazi ya juu katika mpango huo husoma kwa mwaka mmoja, siku kadhaa za wiki akiwa chuoni na siku nyingine akiwa na wagonjwa. Hata baada ya kuhitimu hukutana na msimamizi wake kila wiki, na hali ya mgonjwa hupimwa kwa maswali kila anapohudhuria. Barani Afrika pia liko la kujifunza. Mjini Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza akina mama wahudumu wa afya kukaa na wagonjwa wa huzuni kwenye benchi nje ya zahanati. Matokeo mema ya kazi yao yalithibitishwa katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016. Kazi ya benchi si tiba ya fikra ng'ang'anizi, na haifai kuchanganywa nayo. Lakini inathibitisha kwamba mtu asiye daktari, akifunzwa vema na akisimamiwa, huweza kuponya.

Tanzania nayo haianzi na kiganja kitupu. Katika miaka ya 1980 mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ilikuwa mikoa ya majaribio ya mpango wa kuifikisha afya ya akili katika zahanati na vituo vya afya, ili huduma isiwe Mirembe peke yake. Njia hiyo ilikuwa sahihi. Madaktari bingwa wa akili wangali wachache mno kwa idadi ya watu, na yule karani wa wilaya hataweza kungoja mpaka watoshe.

Hata hivyo upo ugonjwa mwingine unaostahili kutajwa mbele ya watumishi wa umma, nao ni ugonjwa wa semina. Watu hukusanywa kwa siku mbili katika ukumbi, husomewa karatasi, hupewa vyeti na posho, kisha taarifa huandikwa kwamba matabibu kadhaa wamefunzwa. Miezi sita baadaye hakuna anayewauliza wamemtibu nani. Kwa ugonjwa huu semina ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutofundisha, maana humtoa mtu akiwa na cheti cha kumtuliza mgonjwa vibaya. Anayepanga bajeti ya mafunzo na akasahau nauli na saa za msimamizi kwa mwaka mzima, huyo amenunua jembe akasahau mpini.

Ndugu walimu wanalo fungu lao, wala halihitaji bajeti. Mtoto anayefuta daftari lake hadi linatoboka asichapwe, wala asiambiwe kila dakika kwamba kazi yake ni safi. Aitwe faraghani, aulizwe kwa upole anaogopa nini, na mzazi aelekezwe hospitali. Mtoto huyo anaweza kuwa amemngoja kwa muda mrefu mtu mzima mmoja atakayemwuliza.

Naye karani wa fedha, akipata muuguzi aliyefunzwa kwa miezi na kusimamiwa kwa miaka, jioni moja atafunga sefu mara moja, atatetemeka njia nzima, na hatarudi. Atafika nyumbani saa kumi na moja, watoto wake wakiwa bado macho.