Kumpima Mtu Kabla ya Kumchagua: Kwotabeki wa Mpira wa Kimarekani

Natumaini kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake. Kiongozi wa darasa, tafadhali andika maneno haya manne ubaoni: kwotabeki, kipimo, kipaji, ubaguzi. Hayo ndiyo maneno ya somo letu la leo, na kila moja litaelezwa mahali pake.

Leo tutasafiri kwa masikio mpaka Marekani. Huko wako watu ambao kazi yao ya mwaka mzima ni kumtafuta kijana mmoja wa kuongoza timu ya mpira. Wana fedha nyingi, wana filamu, wana madaktari, na wana vyombo vya kupimia. Hata hivyo hukosea mara nyingi. Tutajiuliza kwa nini, maana kazi ya kuchagua mtu ni ya watu wote. Nani hajawahi kumchagua mshika fedha, au fundi, au mwenyekiti?

Mchezo wenyewe

Kwanza tuujue mchezo. Mpira wa Kimarekani si ule unaopigwa kwa miguu. Mpira wake umechongoka ncha zote mbili, mfano wa yai, na mara nyingi hushikwa kwa mikono. Kila upande una watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira hujaribu kuusogeza mbele, kidogo kidogo, mpaka mwisho wa uwanja upande wa wapinzani. Hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Isipofaulu, mpira huchukuliwa na wapinzani.

Katika watu hao 11, mmoja huitwa kwotabeki. Huyu tunaweza kumfananisha na nahodha wa jahazi. Mpira unapoanza, mwenzake aliye mbele yake huurudisha nyuma mpaka mikononi mwake. Tangu hapo ana sekunde kama tatu tu za kuamua. Je, ampe mwenzake aliye karibu akimbie nao? Je, amrushie yule aliye mbali, yadi 30 au 40? Au akimbie nao mwenyewe? Na wakati anafikiri, watu wenye uzito wa ratili 250 au 300 wanamjia mbio wamwangushe chini. Akirusha vibaya, mpinzani ataudaka mpira, na kazi yote ya wenzake itakuwa imepotea.

Tangu mwaka 1994 kocha ameruhusiwa kusema na kwotabeki kwa redio ndogo iliyo ndani ya kofia yake ngumu. Lakini saa ya uwanjani ikibakiwa na sekunde 15 kabla ya muda wa kuanzisha mpira kwisha, redio hiyo hukatwa. Baada ya hapo hakuna wa kumwambia la kufanya. Shikeni neno hili, tutalirudia.

Jinsi timu zinavyogawana vijana

Ligi kubwa ya mpira huo hujulikana kwa herufi tatu: NFL. Ina timu 32. Timu hizo haziruhusiwi kuwagombania vijana wapya ovyo. Tangu mwaka 1936 kuna utaratibu wa kuchagua kwa zamu. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote huchagua kwanza, na bingwa huchagua mwisho. Wakimaliza duru moja, wanaanza nyingine, mpaka duru saba. Timu ikitaka sana kijana fulani, yaweza kubadilishana zamu na timu nyingine kwa kutoa zamu zake za baadaye au wachezaji wake. Hivyo, kumpata kwotabeki kuna gharama kubwa hata kabla hajalipwa mshahara.

Vipimo

Sasa tufike kwenye neno letu la pili, kipimo. Kila timu ina watafuta vipaji. Kipaji ni uwezo ambao mtu amezaliwa nao. Watu hawa huzunguka vyuo vikuu kutazama vijana wakicheza, na kutazama filamu za michezo yao tena na tena. Kisha, kila mwaka tangu 1987, vijana wapatao 300 wa nafasi zote za mchezo huitwa katika mji wa Indianapolis wapimwe mbele ya timu zote.

Hupimwa nini? Hupimwa kimo, kwa sababu kwotabeki mfupi yasemekana hawezi kuona vizuri juu ya vichwa vya watu warefu walio mbele yake. Hupimwa kiganja, toka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kwa sababu kiganja kikubwa hushika mpira barabara siku ya mvua na baridi. Hupimwa mbio za yadi 40. Wanaokubali hurusha mpira, mfupi na mrefu. Madaktari hukagua mabega na magoti. Kisha timu humwita kijana chumbani, humpa kalamu na ubao, na kumwambia: “Tuchoree mchezo wenu. Kila mtu alitakiwa kwenda wapi? Nawe kwa nini ulirusha pale?” Kwa miaka mingi walipewa pia mtihani wa maandishi, maswali 50 kwa dakika 12. Mtihani huo uliondolewa kwenye vipimo vya Indianapolis mwaka 2022.

Vipimo hivi si upuuzi. Mkono dhaifu hauwezi kufikisha mpira, na asiyekumbuka mafunzo hawezi kuongoza wenzake. Lakini fikirini kidogo. Mizani ya dukani yaweza kukuambia uzito wa maharage. Haiwezi kukuambia kama yataiva upesi. Kule Indianapolis, kijana anaporusha mpira, hakuna anayemkimbilia kumwangusha. Redio haijakatwa masikioni mwake. Watazamaji elfu sabini hawapigi kelele. Basi lile jambo kubwa kuliko yote, yaani kuamua vema katika sekunde tatu za hatari, ndilo lisilopimika pale.

Vijana wawili wa mwaka 1998

Sasa nitawapa mfano. Mwaka 1998 walikuwapo makwotabeki wawili waliosifiwa sana: Peyton Manning na Ryan Leaf. Wote warefu, wote wenye nguvu. Wataalamu walibishana ni yupi bora, na wengi walisema Leaf ana mkono wenye nguvu zaidi. Timu ya Indianapolis Colts ilikuwa na zamu ya kwanza, ikamchukua Manning. Timu ya San Diego Chargers ilikwisha kutoa zamu zake na wachezaji ili ipate zamu ya pili, ikamchukua Leaf.

Mwaka wa kwanza ulikuwaje? Manning alirusha mipira 28 iliyodakwa na wapinzani. Timu yake ilishinda michezo 3 na kushindwa 13. Leaf naye alianza kwa kushinda michezo miwili, kisha katika mchezo wa tatu alirusha mara 15, na ni mpira mmoja tu uliofika kwa mwenzake. Mwaka huo mipira yake 15 ilidakwa na wapinzani. Ukihesabu makosa hayo peke yake, utasema Manning ndiye mbaya zaidi.

Lakini Manning aliyatazama makosa yake kwenye filamu na kujifunza. Mwaka uliofuata timu yake ilishinda michezo 13 na kushindwa 3. Baadaye alipata ubingwa mara mbili, Februari 2007 na Februari 2016. Leaf alionekana hadharani akimfokea mwandishi wa habari, akaumia bega, na mwaka 2001 Chargers walimwacha. Wote wawili walikosea sana mwanzoni. Tofauti ilikuwa katika yale waliyoyafanya baada ya kukosea. Je, hilo ungelipima kwa futi na inchi?

Kijana wa zamu ya 199

Mfano wa pili ni wa mwaka 2000. Tom Brady alitoka Chuo Kikuu cha Michigan. Alikuwa mwembamba, na yadi 40 alizikimbia kwa sekunde 5.28, jambo ambalo kwa wenzake ni kama kutembea. Timu zilichagua makwotabeki sita kabla yake. Mwishowe New England Patriots walimchukua katika duru ya sita, akiwa mtu wa 199.

Mnamo Septemba 2001 kwotabeki mkubwa wa timu hiyo, Drew Bledsoe, aliumia. Brady akaingia. Februari 2002 timu ikawa bingwa. Mpaka alipoacha mpira mwaka 2023, Brady alikuwa amepata ubingwa mara saba, zaidi ya mchezaji mwingine yeyote.

Je, hakuna dalili iliyoonekana mapema? Ilikuwapo. Katika mchezo wake wa mwisho wa chuo, Januari 2000, timu ya Michigan iliachwa nyuma kwa pointi 14 mara mbili. Mara zote mbili Brady aliirudisha, wakashinda 35 kwa 34. Filamu ilikuwa wazi kwa kila mtu. Lakini wengi walitazama miguu yake na kifua chake chembamba. Wazee husema mchagua nazi hupata koroma.

Aliyepitwa kwa sababu ya rangi

Sasa neno letu la nne, ubaguzi. Ubaguzi ni kumhukumu mtu kwa kabila, rangi au asili yake kabla ya kuitazama kazi yake. Yaliyosemwa hadi hapa yalihusu vipimo visivyotosha. Haya ni mabaya zaidi, maana hapa macho yalikataa kuona.

Kwa miaka mingi watu wengi wenye madaraka katika mpira huo waliamini kwamba Mmarekani mweusi ana mbio na nguvu, lakini hana kichwa cha kuongoza. Kijana mweusi aliyekuwa kwotabeki chuoni aliambiwa abadili nafasi, akimbie tu. Warren Moon alikuwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Washington. Januari 1978 aliongoza timu yake kushinda mchezo mkubwa uitwao Rose Bowl, akatajwa kuwa mchezaji bora wa siku hiyo. Hata hivyo alielewa kwamba timu za NFL hazimtaki katika nafasi yake. Alikataa kubadili nafasi. Alikwenda Kanada na kutia sahihi na timu ya Edmonton. Siku ya kuchagua ilipofika, timu zote zilimpita.

Huko Kanada alipata ubingwa mara tano mfululizo, tangu 1978 hadi 1982. Mwaka 1984 timu zile zile za nyumbani zikaanza kumgombania, na akajiunga na Houston Oilers. Mwaka 2006 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira huo mjini Canton, kwotabeki mweusi wa kwanza kupewa nafasi humo. Zile timu zilizompita hazikupoteza kwa kukosa vipimo. Zilipoteza miaka sita ya kazi yake kwa sababu ya imani isiyo na msingi. Na wako wengine waliokubali kubadili nafasi, ambao hatutajua kamwe wangefika wapi.

Tarehe 31 Januari 1988, Doug Williams wa timu ya Washington alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuanza katika fainali ya ligi na kuishinda, 42 kwa 10. Miaka 35 baadaye, Februari 2023, makwotabeki wa pande zote mbili za fainali walikuwa weusi, Patrick Mahomes na Jalen Hurts. Ilikuwa mara ya kwanza.

Baada ya kuchagua

Huyo Mahomes anatupa jambo la mwisho. Alichaguliwa mwaka 2017, akiwa mtu wa 10. Timu yake ya Kansas City Chiefs haikumtupa uwanjani mara moja. Kwa karibu mwaka mzima alikaa nyuma ya kwotabeki mzoefu, Alex Smith, akitazama na kujifunza. Mwaka 2018 alipokabidhiwa kazi alirusha mipira 50 ya mabao, akatajwa kuwa mchezaji bora wa ligi. Kwa hiyo tusidhani kazi huisha siku ya kuchagua. Mche mzuri ukipandwa penye mwamba hufa, na wenye shamba husema mbegu ilikuwa mbaya.

Kwa kifupi

Tukusanye mambo matatu. La kwanza: pima, lakini ujue kipimo chako kinapima nini na kinaacha nini. La pili: mtazame mtu alivyofanya siku ya shida, na alivyofanya baada ya kukosea. La tatu: usimfungie mtu mlango kwa rangi yake au asili yake, maana hasara ni yake na yako pia.

Maswali ya darasa

1. Kwotabeki ana muda gani wa kuamua mpira ukifika mikononi mwake?
2. Taja vitu vitatu vinavyopimwa Indianapolis. Kila kimoja kina faida gani?
3. Kwa nini Warren Moon alikwenda Kanada?
4. Someni tena habari za Manning na Leaf. Mngeambiwa mchague mmoja baada ya mwaka wa kwanza, mngeuliza maswali gani?
5. Andika sentensi mbili juu ya mtu unayemjua aliyedharauliwa mwanzoni, kisha akafanya kazi nzuri.

Someaneni majibu yenu kwa sauti, na asiyeweza kuandika bado asaidiwe na jirani yake.