Wamama Walioanza Legio ya Maria



Legio ya Maria mnaijua: wamama wanaokwenda wawili wawili kuwatazama wagonjwa, hapa Baraka na kule Fizi mlimani. Nimeombwa kueleza mwanzo wake, kwa kuwa wako wababa wanaouliza hata leo ni nani aliyewapa wamama ruhusa ya kuongoza.

Tarehe 7 Septemba 1921, mkesha wa sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, wanawake wapatao 15 walikusanyika mjini Dublin, katika inchi ya Irlandi. Pamoja nao walikuwa Padri Michael Toher na mlei mmoja, Frank Duff. Rais wa kwanza alichaguliwa mama, Elizabeth Kirwan. Wakaanza kuwatembelea wanawake wagonjwa katika hospitali ya maskini. Hawakupeleka feza, maana Legio inakataza wajumbe wake kugawa misaada. Najua kanuni hiyo inawachoma moyo wamama wetu wanapoingia katika nyumba za wakimbizi wenye njaa, na mimi siwezi kuwaondolea uchungu huo kwa maneno. Misaada ina mlango wake, ndiyo Karitasi. Wale wa Dublin waliketi kando ya kitanda, wakasikiliza. Wanaume, nao, walingoja hadi mwaka 1929 kupata kikundi chao cha kwanza.

Aliyeieneza Legio katika Afrika ya Mashariki ni Edel Quinn, binti wa miaka 29, mwenye ugonjwa wa kifua kikuu. Alifika Mombasa mwezi wa Novemba 1936. Mjini Nairobi, siku zile, Wazungu, Wagoa na Waafrika hawakuketi pamoja. Yeye alitaka waketi katika baraza moja la Legio. Akazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, hata kisiwa cha Morisi. Alikufa Nairobi tarehe 12 Mei 1944. Askofu Suenens wa Ubelgiji aliandika habari za maisha yake.

Nasi tunayo tarehe yetu. Siku ya 28 Novemba 1964, Padri Luigi Carrara na Furera Vittorio Faccin waliuawa hapa Baraka. Padri Giovanni Didoné na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Walitangazwa wenye heri mjini Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Baada ya damu ile, pasipo padri wa kusoma Misa, ni nani aliyewafundisha watoto Salamu Maria karibu na moto wa jioni? Ninyi wababa mnaouliza habari ya ruhusa, nendeni mkawaulize mama zenu.