Jicho la Daktari na Jicho la Rika: Kupima Sura ya Meno na Ustawi wa Vijana wa Kitengela na Kajiado



Daktari wa meno anapopima madoa ya floraidi, jambo la kwanza analofanya ni kulikausha jino. Hulipuliza hewa au hulipangusa kwa pamba, akangoja kidogo, kisha akalitazama chini ya taa. Jino likikauka, mistari myeupe iliyokuwa imefichwa na mate hujitokeza. Ndivyo kinavyotaka kipimo cha Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978, ambacho huanzia 0, jino lisilo na doa, na kuishia 9, jino ambalo sehemu kubwa ya gamba lake la nje imemeguka. Ni kipimo kizuri na nitaendelea kukifundisha. Lakini msichana wa Gredi ya 8 pale Kitengela hatazamwi na wenzake meno yakiwa makavu. Hutazamwa yakiwa na mate, akicheka, juani, kutoka umbali wa hatua moja au mbili. Kwa miaka mingi sisi wa taaluma hii tumeliamini jicho la daktari peke yake. Mimi nasema hivi: tukitaka kujua sura ya meno inawafanya nini vijana wetu, hakuna njia nyingine ila kumuuliza kijana mwenyewe, na kumuuliza vizuri.

Nianze na maji, kwa kuwa hapa kwetu habari ya meno haitenganiki na maji. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 154,000 Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado yenye watu 1,117,840. Mji umekua haraka kuliko mabomba. Watu wengi hunywa maji ya visima vilivyochimbwa kwa mashine, yakauzwa kwa maboza, kwa mikokoteni ya punda, na kwa mitungi ya lita 20 mlangoni. Chini ya nyanda za Athi kuna miamba ya volkano, na maji yanayokaa humo muda mrefu huyeyusha floraidi na kupanda nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kiwango cha Kenya ni hicho hicho. Visima vingi vya kaunti hii vinapita hapo.

Wenyeji husema "maji ya chumvi", na mama mwenye mtoto mchanga huhangaika kutafuta yasiyo na chumvi. Juhudi hiyo naiheshimu, ila ulimi hauonji floraidi. Maji matamu kabisa yanaweza kuibeba. Kuyachemsha hakuiondoi: maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani katika maji machache zaidi. Tena kuna magadi, tunayoyatia kwenye mahindi na maharagwe yaive upesi. Ziwa Magadi liko ndani ya kaunti hii hii, na magadi yake yana floraidi.

Madhara ya floraidi kwenye meno humpata mtoto jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi. Baada ya umri wa miaka 8 hivi, meno yanayoonekana mtu akicheka huwa yamekwisha kuumbika, na maji hayawezi tena kuyatia doa la namna hii. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 anayejitazama kwenye kioo anaona maji aliyonyweshwa akiwa hajajua kusema. Hakukosea lolote, wala hakuacha kupiga mswaki. Hilo la mswaki nalikazia, kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi: doa la kahawia hudhaniwa kuwa uchafu, na mtoto anayesugua meno mpaka ufizi unatoka damu huambiwa hajui usafi.

Sasa fikirieni darasa la Kitengela. Dawati moja limekaliwa na aliyezaliwa hapa. Jirani yake alikuja na wazazi kutoka Kisii au Kakamega akiwa na miaka kumi, meno yake meupe, na meupe yatabaki hata akinywa maji ya kisima kile kile hadi uzeeni. Mwalimu wao ni mmoja, sare ni moja, mtaa ni mmoja. Mtafiti akitaka kulinganisha, ni nadra kupata mahali panapofaa kuliko hapa. Na ulinganisho huo huo watoto hawa wanaufanya wenyewe kila siku, bila kibali cha mtu.

Historia ya kupima madoa haya ni ndefu. Mji wa Colorado Springs, Marekani, ulijulikana kwa meno ya kahawia mapema karne iliyopita. Mwaka 1931 ikabainika kwamba chanzo ni floraidi ya majini, na mwaka 1934 daktari wa meno Trendley Dean akatunga kipimo chake cha kwanza. Miaka ikapita, meno yakihesabiwa kwa maelfu, pasipo mwenye meno kuulizwa. Kwetu Afrika Mashariki, watafiti van Palenstein Helderman na Mkasabuni waliandika mwaka 1993 kuhusu eneo la Tanzania lenye floraidi nyingi, na swali lao lilikuwa jinsi madoa yanavyogusa hali ya mtu kujiona yuko vizuri. Naona huo ulikuwa ujasiri mkubwa kwa wakati ule. Mwaka 2003 Åstrøm na Okullo walijaribu hojaji ya athari za meno katika maisha ya kila siku kwa vijana wa Uganda. Mwaka 2008 Matilda Mtaya na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 1,601 wa shule za msingi za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, wakiunganisha mpangilio wa meno na yale watoto waliyoyasema wenyewe.

Hojaji zenyewe zina tabia tofauti. Ile ya watoto iliyotungwa Thailand mwaka 2004 hupita katika shughuli nane za siku: kula, kusema, kusafisha kinywa, kulala, kutulia moyoni, kucheka bila kuficha meno, kazi ya shule, na kukaa na watu. Kila moja huulizwa ilikwama mara ngapi na kwa uzito gani. Nyingine ni ya Klages na wenzake wa Ujerumani, ya mwaka 2006, yenye maswali 23 yaliyokusanywa katika mafungu manne: kujiamini kuhusu meno, athari za kijamii, athari za nafsi, na wasiwasi juu ya sura. Ilitungwa kwa vijana wa miaka 18 hadi 30 wa Ulaya. Kuichukua ilivyo na kumpa mtoto wa miaka 13 Kajiado si utafiti, ni uvivu.

Sababu yangu ni hii. Kipo kipimo cha Uingereza chenye picha kumi za meno, kuanzia yanayovutia zaidi hadi yasiyovutia kabisa, na kijana huonyesha iliyo karibu na yake. Sasa mpelekeeni bibi wa pwani picha ya meno ya juu yenye mwanya. Atasema huyu ndiye mzuri, maana mwanya umesifiwa Uswahilini tangu enzi za mababu. Kwa Wamaasai, desturi ya kung'oa meno mawili ya kati ya chini iliacha pengo ambalo wazee wetu wengi wanalo mpaka leo na halikumfanya yeyote afunike mdomo. Mjukuu wa mzee kama huyo, anayesoma Kitengela na kupigwa picha kwa simu kutwa, huenda akaona pengo hilo hilo kuwa kilema. Basi aibu haimo katika jino. Inatoka kwa watu ambao kijana anaishi nao, na hao hubadilika ndani ya kizazi kimoja. Kipimo kisichowajua watu hao kitaleta namba, nasi tutaziamini bure.

Kuna jambo lililonifunza zaidi ya vitabu. Kijana mmoja wa kiume aliletwa kliniki na shangazi yake. Nilipokausha meno yake nikaona mistari hafifu, daraja la 2 la Thylstrup na Fejerskov labda. Kwa daktari hilo ni jambo dogo. Lakini alizungumza midomo ikiwa imekaribiana mno, na kila alipotaka kutabasamu mkono ulipanda wenyewe. Nilimpa hojaji na penseli. Alijibu "hapana" mfululizo, haraka haraka, hadi swali la kucheka mbele ya watu. Hapo aliandika, akafuta, akaandika tena, akafuta tena mpaka karatasi ikakonda na kuanza kupasuka. Shangazi yake alikuwa ameketi kando yake. Nilipomwomba shangazi atupishe, jibu lilibadilika.

Ndiyo maana nasema kuuliza kuna ufundi. Hojaji ikijazwa darasani, dawati moja watoto watatu, kila mmoja anachungulia ya mwenzake, utakachopima ni woga wa darasa. Mwalimu akizungukazunguka, majibu yatakuwa ya kumridhisha mwalimu. Wengine huchagua jibu la katikati kila swali ili wamalize. Na anayeumia kuliko wote yaelekea siku hiyo hakuja shuleni. Tena tusimtwishe jino mzigo wa kila kitu: mtoto aliyetumwa nyumbani kwa karo, au anayevaa viatu vya kakake, ana sababu nyingine za kuinamisha kichwa, na hali hizo lazima ziulizwe pamoja. Kijana mwenye huzuni naye huona meno yake mabaya kuliko yalivyo. Kuuliza siku moja tu hakutatuambia kipi kilitangulia. Inatakiwa kuwarudia watoto wale wale mwaka hata mwaka, na kazi hiyo ni ghali, lakini ndiyo yenye maana.

Pia kuna haki ya mtoto. Kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi hakitoshi, wala saini ya mzazi haitoshi. Mtoto mwenyewe akubali, na ajue anaweza kuacha katikati. Asiyejali meno yake asitoke kwenye chumba chetu akiwa ameanza kuyajali kwa hofu. Na anayesema anaumia aelekezwe mahali pa kusaidiwa. Tiba ipo: madoa mepesi hukwanguliwa kwa uangalifu au hujazwa utomvu maalumu, na mazito hufunikwa. Ikiwa hatuna cha kumpa, ataenda kwa ndimu, mkaa na majivu, akwangue meno navyo mpaka gamba liishe.

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti huduma za maji na za afya. Hata hivyo, matokeo ya meno hukaa katika faili za afya na matokeo ya visima katika faili za maji. Ombi langu kwa serikali ya Kajiado ni kwamba kila kijana atakayeonekana na madoa tumuulize maswali mawili zaidi: alikunywa maji ya wapi akiwa mdogo, na nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 8? Meno ya mdogo wake bado yanaundwa. Kisima cha nyumba hiyo kipimwe wiki hiyo hiyo, na mzazi aambiwe namba, si kuambiwa tu kwamba maji ni salama au si salama.

Na asiambiwe namba akaachwa. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Paa la mabati la mita za mraba 40, likinyeshewa milimita 500 kwa mwaka, hutoa takriban lita 16,000 hata ukiondoa moja ya tano kwa yanayopotea. Mtoto mdogo anayetumia lita 3 kwa siku za kunywa na za uji anahitaji chini ya lita 1,100 kwa mwaka mzima. Kaunti ikianza na tangi moja lililofunikwa, lenye mfereji safi, kwa kila nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 8 katika mitaa ambayo vijana wake wametuambia wanaficha meno, orodha ya nyumba za kuanzia tutakuwa nayo tayari kutoka kwenye hojaji.