SIKU MOJA LISBON
(Maneno ya baharia mmoja mbele ya wanachama wa tawi, Likoni)



Nimeombwa niwaeleze habari za Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ambako meli yetu ilifunga gati nami nikapata ruhusa ya siku moja. Sikusimama hapa kuisifu Ulaya. Nimeuchagua mji huu kwa kuwa sisi watu wa Mombasa tuna hesabu nao ya zamani, na mfanyakazi akiutembelea atapata la kujifunza.

Asubuhi nilipanda tramu mpaka Belém, kando ya mto Tagus. Hapo ndipo Vasco da Gama aling'oa nanga mwaka 1497. Aprili 1498 alifika Mombasa, hakuelewana na wenyeji, akaenda Malindi akapewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Hapo Belém pana kanisa na nyumba ya watawa iitwayo Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwaka 1501. Mawe yake yamechongwa kamba na mapambo ya baharini hata ukadhani ni mbao. Fedha zilitoka wapi? Nyingi zilikuwa kodi ya biashara ya Afrika na ya Bara Hindi. Kaburi la da Gama limo ndani, na wageni hulizunguka wakipiga picha. Wao wamkumbuka kwa kufungua njia. Sisi twakumbuka kwamba mwaka 1505 Francisco de Almeida alifuata njia hiyohiyo, akaupora mji wa Mombasa na kuutia moto.

Mjini iko barabara ambayo jina lake maana yake ni Kisima cha Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa Waafrika, kwa sababu zilikuwa zikiachwa ovyo. Na inasadikiwa jina latokana na shimo hilo. Leo ni barabara ya maduka na mikahawa. Asiyeuliza hupita tu.

Adhuhuri nilipanda mlima mpaka Carmo. Kanisa la hapo halina paa tangu tarehe 1 Novemba 1755, siku ambayo tetemeko la ardhi, mawimbi ya bahari na moto viliuharibu mji. Ubavuni mwake pana kambi ya askari, na hapo, ndugu zangu, nilisimama muda mrefu kuliko penginepo. Chini ya utawala wa Salazar vyama huru vya wafanyakazi vilipigwa marufuku mwaka 1933, na kugoma kukawa kosa. Mambo yalikwenda hivyo miaka arobaini. Kilichouangusha utawala huo ni vita vya Afrika: askari walichoka kupigana Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Tarehe 25 Aprili 1974 waliasi, na Marcelo Caetano, aliyemrithi Salazar, akasalimu amri katika kambi hiyo. Siku sita baadaye, tarehe 1 Mei, wafanyakazi walijaa barabarani kuadhimisha sikukuu yao kwa uhuru. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni, Msumbiji ikapata uhuru wake. Basi fikirini: chama cha FRELIMO kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 kilimsaidia hata kuli wa Lisbon kupata haki ya kugoma.

Karibu na kanisa kuu liko gereza la Aljube, walimofungwa wapinzani wa Salazar. Tangu mwaka 2015 ni makumbusho, na watoto wa shule huingizwa wakaonyeshwa vyumba vyembamba vya wafungwa.

Jioni nilivuka mto kwa feri kwenda Cacilhas, katikati ya watu waliotoka kazini na vikapu vyao, kama hapa Likoni saa kumi na moja. Daraja kubwa lilifunguliwa mwaka 1966, lakini feri hazikukoma, maana wengi bado wazihitaji. Ng'ambo hiyo ilikuwako karakana kubwa ya kutengeneza meli, iliyofungwa mwaka 2000. Kreni yake ilikuwa ingali imesimama, kazi imekwisha.

Sasa nageukia kwetu. Fort Jesus walianza kuijenga Wareno mwaka 1593. Ikatekwa na Waomani mwaka 1698. Waingereza wakaifanya gereza mpaka 1958. Fedha za kuitengeneza iwe makumbusho zilitolewa na Wakfu wa Gulbenkian, wa Lisbon hiyohiyo. Wageni huja kutoka mbali kuitazama. Je, ni wangapi kati yetu, tunaovuka kila siku kutafuta riziki, tuliokwisha kuwapeleka watoto wetu?

Tena ngome ni nusu ya habari. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, kama elfu kumi na tano, waligoma siku kumi na mbili, na kiongozi wao Chege Kibachia akakamatwa mwaka huohuo na kuhamishwa mbali. Machi 1955 makuli wa bandari waligoma tena. Hayo nayo ni historia ya mji huu, na aliyeyasikia kwa baba yake yu katika mitaa yetu ya Likoni, Changamwe na Kisauni.

Kwa hiyo naleta mashauri mawili. Kwanza, tawi lichague Jumapili moja, tukodi gari, twende na jamaa zetu Fort Jesus na Mji wa Kale. Pili, katibu atenge daftari, tuwafuate wazee, tuandike waliyoyaona na waliyosimuliwa na wazazi wao. Tusingoje mgeni aje atuandikie.

Mwenye swali na aulize.