Machipukizi Manne: Hotuba katika Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani



Nilipokuwa kidato cha tatu nilibeba machipukizi manne ya migomba ya kisukari hadi nyumbani, bila kuuliza yametoka shamba gani. Marehemu baba aliyapanda kwa furaha. Baadaye majani yakageuka manjano, mashina yakapasuka, na migomba yetu ya zamani nayo ikanyauka. Baba alisema ardhi imechoka. Nami niliamini hivyo mpaka nilipofika Chuo Kikuu.

Ugonjwa ule ni mnyauko fusari. Huletwa na kuvu wa jamii ya Fusarium. Kuvu wa jamii hii hupatikana udongoni, na hata katika maji ya bahari. Wengi wao hawaidhuru mimea, na chini ya hadubini ni vigumu kumtofautisha mpole na mharibifu. Ndiyo sababu wataalamu husoma jenomu, yaani herufi zote za urithi wake.

Mwaka 2010 ilitangazwa jenomu ya kuvu wa aina hii anayeshambulia minyanya: herufi kama milioni 60, katika kromosomu 15. Baadhi ya kromosomu hizo ni za ziada, na humo ndimo zilimo silaha zake. Wataalamu walipozihamishia kwa ndugu yake mpole, naye akaanza kuishambulia minyanya.

Mwaka 2013 aina kali iitwayo TR4 ilitambuliwa kaskazini ya Msumbiji, jirani zetu. Hushambulia hata ndizi za Cavendish, hukaa udongoni miaka mingi, na hakuna dawa ya kuuponya mgomba. Husafiri kwa machipukizi, kwa maji, na kwa udongo wa viatu na majembe.

Ndugu zangu, lazima nikiri. Nikiwa ofisini niliwahi kukata fungu la fedha za vipimo vya mimea, nikaliita anasa. Usiku ule nilimkumbuka baba. Mwaka uliofuata nililitetea mimi mwenyewe.

Vijana, someni Biolojia na Hesabu kwa bidii. Kazi hii inawahitaji. Na kabla ya kubeba chipukizi lolote, ulizeni lilikotoka.