Aliyedhulumiwa Ndiye Shahidi wa Kwanza



Panapotendeka uovu, desturi yetu ni kuuliza, "Nani katenda?" Nawaomba tutangulize swali jingine: "Nani katendewa, na kwa nini yeye?" Mwaka 1948 Hans von Hentig, Mjerumani aliyehamia Marekani, alitoa kitabu juu ya mhalifu na mtu anayedhuriwa naye. Wapelelezi nao hutazama maisha ya aliyedhurika: alikuwa wapi, pamoja na nani, alimwogopa nani, alidaiana na nani. Mara nyingi muuaji si mgeni kwa marehemu, na njia ya kumfikia hupitia kwa jamaa na majirani.

Hapa kwetu tunao ushahidi mzito. Tarehe 24 Juni, 1981, huko Ombaci, karibu na Arua, askari wa serikali waliwapiga risasi raia waliokimbilia misheni ya Wakatoliki. Tukiwatazama waliouawa, twaona wamo wanawake na watoto. Basi udhuru wa vita waanguka wenyewe. Kosa lao lilikuwa kwao tu: West Nile, nchi iliyohesabiwa kuwa ya Idi Amin, aliyepinduliwa Aprili 1979. Hivyo marehemu ndio wanaotufunulia nia ya wauaji.

Lakini kuyachunguza maisha ya aliyedhulumiwa si kumlaumu. Asemaye, "Kajitakia," humdhulumu mara ya pili. Azimio la Umoja wa Mataifa la 29 Novemba, 1985, lataka watu hao watendewe kwa huruma na kwa heshima ya utu wao.

Sasa liko jambo letu sisi wenyewe. Dini yahimiza maiti azikwe upesi. Lakini maji ya kumwoshea huondoa damu, mchanga na alama. Basi auawapo mtu, tuwaite kwanza polisi na tabibu. Kungoja saa chache kwa ajili ya haki si kumvunjia heshima. Siri ya maiti ni amana kwa mwoshaji; lakini jeraha la dhuluma si aibu ya marehemu hata lifichwe. Alieleze kwa mwenye kuchunguza, wala si barazani.

Surat at-Takwir yamtaja mtoto wa kike aliyezikwa hai, kuwa yeye ndiye atakayeulizwa. Nasi tusingoje Siku hiyo ndipo tuwasikilize wanyonge wetu.

Wabillahi tawfiq.