USALAMA WA WAZEE WAVUAO KWA MIGUU MWAMBANI

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wavuvi



Katika vijiji vingi vya pwani ya Tanzania na Kenya wako wavuvi wasio na chombo wala nyavu. Maji yanapokupwa hushuka kwa miguu mpaka mwambani, mkononi wana mchokoo au mshipi, na begani mkoba wa ukindu. Wake kwa waume huvua pweza, hukusanya kome na chaza, na hutupa ndoana kando ya mikondo. Miongoni mwao wamo wazee waliokwisha pita umri wa miaka 60, na wengine 70, ambao wameikanyaga miamba hiyo tangu utotoni.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mzee wa namna hiyo hapatwi na hatari kwa kutoijua bahari. Anaijua kuliko vijana wote wa kijiji. Hatari humjia kwa sababu mwili anaokwenda nao leo si ule uliojifunza bahari miaka 50 iliyopita. Maarifa yamebaki, lakini macho, magoti na pumzi vimepungua. Kwa hiyo usalama wake hauwezi kuachiwa ushujaa wake peke yake. Ni jambo la kanuni, na kanuni ni kazi ya chama.

Jinsi maji yanavyorudi

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii hufikia mita 3 na zaidi. Siku hizo maji hupwa sana karibu na saa 4 au saa 5 asubuhi, na ndizo siku ambazo watu wengi hushuka mwambani. Kila siku ipitayo wakati wa kupwa husogea mbele kwa dakika kama 50. Kwa hiyo saa ya jana haifai kutumiwa leo.

Maji hayapandi kwa kasi moja. Ikiwa tofauti ni mita 3, katika saa ya kwanza hupanda kiasi cha sentimita 25 tu. Saa ya pili hupanda sentimita 50, na saa ya tatu sentimita 75. Utulivu wa saa ile ya kwanza ndio unaowadanganya watu.

Na ichukuliwe mfano wa bibi aliye mwambani, kilomita moja kutoka ufukweni, siku ambayo maji yamepwa kabisa saa 4.30. Kati yake na ufuko upo mkondo ambao aliuvuka maji yakiwa magotini, yaani sentimita 50. Saa 5.30 mahali aliposimama bado ni pakavu, na pweza ndiyo kwanza wanaonekana. Bibi haoni sababu ya kurudi. Lakini saa 6.30 ule mkondo una sentimita 125, nao ni kifuani na zaidi kwa mwanamke wa kimo cha kawaida. Tena maji hayo hayakusimama, yanakwenda kwa nguvu. Mwamba ni mahali pa juu, na mkondo ni mahali pa chini. Bahari hurudi kwanza nyuma ya mgongo wa mvuvi, kisha ndipo humfikia miguuni.

Kanuni inayotokana na hesabu hiyo ni fupi. Mzee na ashuke mapema, maji yakiwa bado yanapwa, na awe amekwisha vuka mkondo wa mwisho kabla maji hayajaanza kujaa. Arudi kwa saa, si kwa macho. Kilomita ambayo barabarani humchukua robo saa, mwambani huweza kumchukua mara tatu ya muda huo, kwa kuwa anakwenda juu ya mawe yenye utelezi akiwa na mzigo.

Mwili wa mzee

Avuaye pweza huinama kwa muda mrefu akichungulia mashimo, kisha huinuka ghafula. Kwa mzee, hasa anayetumia dawa za shinikizo la damu, kuinuka kwa namna hiyo huleta kizunguzungu. Afaa apige goti moja kwanza, ashike fimbo, avute pumzi, ndipo asimame. Mwenye ugonjwa wa kisukari huweza kupungukiwa na hisi za nyayo, akakatwa na jiwe asijue mpaka jeraha limeoza. Yeye hana budi kuvaa viatu na kukagua miguu yake kila arudipo. Tena jua la mchana juu ya maji hukausha mwili upesi. Chupa ya maji ya kunywa ni chombo cha kazi sawa na mchokoo.

Mavazi na mwendo

Kandambili hazifai mwambani, kwani huvuka mguuni na kunasa katika mawe. Viatu vya raba vyenye soli nene, vilivyofungwa kwa kamba, ndivyo vinavyofaa. Fimbo ndefu kufikia kifua ni mguu wa tatu: hupima kina na hushika mizani ya mwili. Mguu mmoja usiondolewe mpaka fimbo na mguu wa pili vimekaa imara. Katika mkondo mtu asimame ubavu, ili maji yapate sehemu ndogo ya mwili wake ya kusukuma, na maji yakipita magoti mzee asiendelee mbele.

Wengi wa wazee hawa hawakujifunza kuogelea. Dumu tupu la lita 5, lililofungwa kifuniko barabara na kuunganishwa kiunoni kwa kamba yenye fundo la kufunguka upesi, humshikilia mtu juu ya maji mpaka msaada ufike. Aangushwaye na mkondo na auache mkoba wake mara moja, alale chali, miguu ikitangulia, asishindane na maji bali ajisogeze kwa upande kuelekea ufukweni. Pweza hupatikana tena bamvua ijayo.

Viumbe wa sumu

Mahali penye mchanga mvuvi na aburute miguu badala ya kuinyanyua, ili taa aliyejifukia asikie na kuondoka. Akanyagwapo, hupiga kwa mwiba wa mkia. Yuko pia samaki afananaye kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Kwa sababu hiyo mkono usitangulie mahali ambapo fimbo haijagusa. Konokono wa bahari wenye umbo la pia wasiokotwe kwa uzuri wao, kwa maana baadhi yao huchoma kwa sumu iwezayo kuua.

Aliyechomwa na taa au na samaki yule wa jiwe atolewe majini, na sehemu iliyochomwa itiwe katika maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto la maji lijaribiwe kwanza kwa mkono wa mtu mzima wa afya. Aliyechomwa na konokono afungwe bendeji ya kubana kiasi, asitembee, na abebwe kwenda hospitali bila kukawia, akiangaliwa pumzi yake njia nzima. Na wote, hata maumivu yakipoa, wafikishwe kwa mganga wa zahanati, ambaye pia ataangalia haja ya sindano ya pepopunda.

Wajibu wa chama

Mambo yaliyotajwa mpaka hapa mzee mmoja mmoja aweza kuyashika. Yafuatayo hayawezi kushikwa ila na chama.

Kwanza, katibu aandike ubaoni, mahali watu wanaposhukia, saa ya maji kupwa ya siku ile na saa ya kurudi. Saa hizo zichukuliwe katika majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji, zikalinganishwe na maarifa ya wazee wenyewe.

Pili, asishuke mtu peke yake. Wazee wafuatane wawili wawili au na kijana, na majina yaandikwe wanaposhuka na kufutwa wanaporudi.

Tatu, pawe na mtu wa zamu ufukweni mwenye filimbi au baragumu, pamoja na ngalawa moja iliyo tayari, yenye kamba na dumu. Mzee ambaye magoti yake yamekataa mwamba ndiye afaaye zaidi kwa zamu hiyo. Anajua kila mkondo kwa jina lake, na chama kimlipe posho kwa ujuzi huo. Akipata posho ufukweni, hatalazimika kuutafuta mkate wake majini.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, ni habari ya mizani. Mara nyingi mtu hukawia mwambani kwa kuwa anajua pweza wake watapimwa hata akifika mchana. Chama kinachopokea pweza wa aliyechelewa kinamlipa kwa kuchelewa kwake. Mizani na ifunguliwe mapema, ifungwe saa moja baada ya maji kuanza kujaa, na kanuni hiyo iwe kwa wote, vijana kwa wazee. Ikiwekwa kwa wazee peke yao, vijana watabaki na pweza wote, na wazee wataivunja kwa haki.

Yupo atakayesema kwamba kumkatalia mnyonge pweza mmoja ni kumdhulumu. Neno hilo lina uzito, kwa maana pweza mmoja ni unga wa siku nzima. Ndiyo sababu kanuni ipitishwe na mkutano wa wanachama wote, wazee wenyewe wakisema, na itangazwe tangu mwanzo wa bamvua, wala isitungwe na katibu siku ya ugomvi.

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Mzee hana budi kwenda pole. Ni juu ya chama kuhakikisha kwamba mwendo huo hauhesabiwi kuwa hasara yake. Ushirika ulianzishwa ili mnyonge asisimame peke yake mbele ya mnunuzi. Haifai, basi, aachwe asimame peke yake mbele ya maji.